Nani Ashike Daftari la Mashine?

Mashine ya kukoboa kahawa ikinguruma kutwa, nani anajua imefanya kazi kiasi gani? Siulizi yametoka magunia mangapi. Hayo karani anayahesabu na kuyatilia saini. Nauliza ziliingia kilo ngapi za maganda, yaani kahawa kavu ambayo bado haijakobolewa, zikatoka ngapi za kahawa safi, ngapi za pumba, na zile zisizoonekana huku wala kule zimekwenda wapi. Nauliza mashine ilisimama mara ngapi, kila mara dakika ngapi, na kwa nini. Maswali haya yana uzito Kagera kuliko mahali pengi, kwa sababu huku kahawa ndiyo karo, ndiyo bati, ndiyo sanda.

Nilijaribu kuyajibu kwa sauti yangu peke yangu nikashindwa. Kila nilipomtetea mmoja nilimwonea mwingine. Kwa hiyo nimewatunga watu watano na kuwakalisha kwenye baraza la ghala la chama cha msingi, Kamachumu, wilayani Muleba, alasiri moja ya Septemba, mvua zikianza kurudi na maturubai yakikunjwa haraka haraka. Yupo Mhandisi, kijana aliyesomea viwanda. Yupo Fundi, mzee wa mashine kutoka Bukoba mjini. Yupo Mama, mkulima mwenye kibanja cha migomba na mibuni. Yupo Katibu wa chama, na Dereva anayesubiri lori lijae. Hawana majina kwa kuwa si watu fulani. Ni hoja ninazozisikia, nikazipa midomo. Nami nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MHANDISI: Shikamoo, Mzee. Naomba nianze na hesabu, si lawama. Zamu ya saa nane ina dakika 480. Tuseme mashine imesimama dakika 120: umeme umekatika, mkanda umechomoka, magunia matupu yamechelewa. Zimebaki dakika 360, robo tatu ya zamu. Kwenye kibati cha mashine imeandikwa inakoboa kilo 1,000 kwa saa. Kwa saa sita ilipaswa kukoboa 6,000, imekoboa 4,500. Robo tatu tena. Katika hizo 4,500, tuseme sehemu moja ya kumi imebidi irudishwe ikobolewe upya, au imetoka punje zilizovunjika. Zidisha 0.75 kwa 0.75 kwa 0.9. Unapata 0.51 hivi. Maana yake, kati ya saa nane, kazi iliyofanyika sawasawa ni ya saa nne na dakika chache. Saa nne zimepita mbele ya macho yetu na hakuna aliyeziona zikienda.

FUNDI: Marahaba, mwanangu. Hesabu yako haina kosa. Ila nakuuliza: hiyo 51 ikishaandikwa ubaoni, bosi ataisomaje? Ataona nusu imepotea, na ataitafutia mwenyewe. Mwenyewe huyo atakuwa mimi. Umeme wetu kwa miaka mingi umetoka Uganda, kwa laini ya Masaka mpaka Kyaka. Ukikatika huko, mimi Bukoba nitafanya nini? Magunia yanaletwa na bohari. Beringi naomba mwezi wa nne, inaletwa mwezi wa saba, kahawa ikiwa imeshajaa mpaka mlangoni. Mambo matatu yasiyo yangu unayazidisha pamoja, halafu jibu unanivika mimi shingoni.

MHANDISI: Ndiyo maana nimetenganisha namba tatu, Mzee. Ya kwanza ni ya kusimama, ya pili ya kasi, ya tatu ya ubora. Kila moja ina mlango wake.

FUNDI: Wewe umetenganisha. Ubao hautenganishi.

Hapa Fundi amesema jambo ambalo vitabu vya kipimo hiki hulipitia mbio. Njia anayoieleza Mhandisi ilienezwa na Mjapani Seiichi Nakajima, na chimbuko lake ni matunzo ya mitambo katika viwanda kama Nippondenso, kilichotengeneza vipuri vya magari na kupewa tuzo ya matunzo hayo mwaka 1971. Nakajima aliweka lengo la asilimia 85, nalo limenukuliwa mpaka likawa kama sheria. Lakini lengo hilo limejengwa juu ya 90 ya kuwa kazini, 95 ya kasi na 99 ya ubora. Hizo ni namba za kiwanda kinachopokea chuma kilekile kila siku, mwaka mzima. Mashine ya Bukoba hupokea mavuno ya maelfu ya vibanja: huyu alianika juu ya turubai, yule juu ya udongo, mwingine alichuma mbivu tupu, jirani yake alichuma tawi zima na kijani chake. Kumbandika Fundi lengo la 85 ni kumpima kwa kipimo cha kiatu cha mtu mwingine. Namba ya kwanza ya kumlinganisha nayo ni yake mwenyewe ya wiki iliyopita.

MHANDISI: Nakubali hilo. Lakini Wajapani hao wana neno ambalo Mswahili hawezi kulisahau. Hasara yote ya kiwandani, yaani kungoja, kubeba huku na huko, kurudia kazi, kulimbikiza mali isiyohitajika, Taiichi Ohno wa Toyota aliiita kwa Kijapani *muda*. Kwao muda ni upotevu. Kwetu muda ni muda.

MAMA: Basi sisi wakulima tuna muda mwingi wa Kijapani. Msimu mzima tunangoja.

Wakacheka, kisha Mama akakaza uso, maana alikuwa na lake.

MAMA: Mimi sijaingia kiwandani. Najua kibanja changu. Napeleka kilo mia za maganda, naambiwa kahawa safi imetoka hamsini. Msimu mwingine naambiwa arobaini na nane. Zile mbili nani kazila? Ni mimi nilianika vibaya? Ni mashine? Ni mtu? Naambiwa tu, "Mama, kahawa yako haikukauka." Kipima unyevu kiko mkononi mwa karani, kioo kinamtazama yeye. Mimi natikisa punje sikioni. Ikilia ndani ya ganda najua imekauka. Mama yangu alitikisa, bibi yangu alitikisa. Sasa sikio langu halina cheti.

KATIBU: Mama, waitu, nusu kwa nusu si uonevu. Shirika la Kimataifa la Kahawa linatumia hesabu hiyohiyo duniani kote: uzito wa kahawa ya maganda makavu huzidishwa kwa 0.5 kupata kahawa safi.

MAMA: Sikatai nusu. Nakataa kuambiwa nusu na mtu aliyepima peke yake.

Nimeirudia sentensi hiyo ya Mama mara nyingi kuliko nyingine yoyote katika makala haya. Ngoja niiongezee hesabu ndogo ili isionekane ni malalamiko matupu. Chukua kilo 1,000 za kahawa yenye unyevu wa asilimia 15. Ndani yake mna kilo 150 za maji na 850 za kahawa kavu kabisa. Ikaushe mpaka asilimia 12, kiwango ambacho ghala linakitaka, nayo itakuwa na uzito wa kilo 966. Kilo 34 zimetoweka bila mwizi wala mashine mbovu. Ni maji yamepaa. Sasa fikiria vipimo viwili visivyoandikwa: cha ghala la kijijini na cha kiwandani mjini. Kilo hizo 34 zikionekana mjini kwamba hazipo, Katibu atamshuku Dereva, Dereva atamshuku mlinzi, kiwanda kitamshuku Katibu, na Mama atawashuku wote. Tarakimu moja ya unyevu, iliyoandikwa kwenye stakabadhi mbele ya mwenye kahawa, ingewapatanisha wote.

KATIBU: Mizani yetu inakaguliwa. Wakala wa Vipimo wanakuja, wanajaribu, wanaweka alama yao. Lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo, tumeipiga vita. Na butura tumeipiga vita zaidi, kwa sababu butura ndiyo kuuza bila kipimo kabisa. Mbuni bado una maua, mnunuzi anazunguka kibanja, anakadiria kwa jicho, anatoa fedha. Ukija mavuno, kahawa si yako.

MAMA: Usiseme hana kipimo, Katibu. Anacho, na ni kikali. Anapima shida yangu. Anajua mtoto amerudishwa kutoka shule, anajua kuna msiba nyumbani. Watu hawauzi butura kwa kutojua kilo. Wanauza kwa sababu chama kinalipa Agosti na ada inadaiwa Januari.

KATIBU: Hilo ni la mikopo, si la mashine.

MAMA: Ni lilelile. Kungoja. Si huyu kijana amesema kungoja ni hasara? Basi mnihesabie na kungoja kwangu.

Katibu hakujibu, na mimi sina jibu la kumpa. Ninaloweza kusema ni kwamba butura inatufundisha jambo: kipimo kinachoshikwa na upande mmoja tu hugeuka silaha, hata kikiwa jicho tu bila mizani. Na Wahaya, wenyeji wa huku, walilijua hilo zamani.

FUNDI: Ndilo ninalotaka kulifikisha. Mwaka 1937 serikali ya mkoloni ilikuwa na kanuni zake za kutunza mibuni, na wakaguzi wa kuingia vibanjani kuzisimamia. Kitaalamu huenda walikuwa na ya maana, wadudu walikuwepo kweli. Lakini watu wa Buhaya walisimama, pakawa na ghasia. Si kwa kupenda wadudu. Mtu anaingia shambani mwako, anaandika kwenye karatasi yake, anaondoka, na karatasi ile inarudi ikiwa faini. Na kule kwenye mkonge kulikuwa na kipande: kadi ya siku 30, na siku ambayo msimamizi hakuridhika haikuhesabiwa. Mzee aliyefanyiwa hivyo amemwambia mwanawe, mwanawe akaniambia mimi. Ukija na daftari, mwanangu, hukuja peke yako. Umekuja na hao wote nyuma yako.

MHANDISI: Mimi si mkoloni, Mzee.

FUNDI: Najua. Daftari halijui.

Wala si Afrika peke yake. Frederick Taylor, Mmarekani aliyeifanya saa ya kupimia kazi kuwa elimu, alitoa kitabu chake maarufu mwaka 1911. Agosti ya mwaka huohuo, katika kiwanda cha silaha cha serikali huko Watertown, Massachusetts, wasubu waligoma baada ya mwenzao kufukuzwa kwa kukataa kupimwa kwa saa. Bunge la Marekani lilichunguza, na kuanzia mwaka 1915 likazuia fedha za umma zisitumike kuwapima kwa saa wafanyakazi wa viwanda hivyo. Nchi iliyozaa kipimo ndiyo iliyokiwekea mpaka. Ninayakumbusha haya kwa sababu nchini kwetu kuna anayedhani fundi anayeogopa daftari ni mvivu anayeficha kitu. Tangu mwaka 2013 Wizara ya Viwanda na Biashara, kwa msaada wa Japani, imekuwa ikieneza mbinu za Kaizen viwandani. Ni jambo jema, nami naliunga mkono. Lakini Kaizen inamtaka mwenye mashine ndiye awe wa kwanza kuona kasoro na kuisema, na hakuna atakayeisema kasoro ambayo kesho itakatwa kwenye mshahara wake.

DEREVA: Samahani wakubwa, naona mmebanana kwenye mashine. Mimi naomba kuuliza la barabarani. Nikitoka hapa na tani kumi za maganda kwenda Bukoba, kwa hesabu hiyohiyo ya nusu kwa nusu, nimebeba tani ngapi za kahawa?

MHANDISI: Tano.

DEREVA: Na tano nyingine?

MHANDISI: Pumba.

DEREVA: Mafuta ya safari yote hiyo, matairi, posho yangu, nusu ni ya pumba. Mnapima mashine isiharibu sehemu moja ya kumi, na mimi napita hapa kila siku nusu lori ni takataka. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kimya kiliingia barazani, na hata mimi niliyewatunga nilikaa nacho. Hii ndiyo hasara kubwa kuliko zote, nayo haionekani kwa sababu haijavunjika wala kumwagika. Inasafiri kwa heshima zote, imefungwa kwenye magunia, imepewa hati ya njia. Kanuni ya kupima kiwanda huanza pale malighafi inapopita mlangoni, kwa hiyo lori halimo. Ndivyo kipimo kizuri kinavyoweza kutupofusha: kikimulika sana chumba kimoja, nyumba iliyobaki inaingia giza.

Tena pumba hizo zina kazi. Zikibaki Muleba zingerudi kwenye kibanja chini ya migomba, ambako Mhaya tangu zamani hutandaza nyasi na majani ili udongo usichoke. Zikiwa kiwandani zinaweza kuchomwa kuwasha tanuri. Zikiwa barabarani hazina faida kwa yeyote.

MAMA: Basi tukoboe hukuhuku. Mashine ndogo zipo.

FUNDI: Polepole, Mama. Mashine ndogo nyingi ni za kisu, mtindo wa Engelberg, zilezile zinazokoboa mpunga. Ukikaza kisu, zinavunja punje na kuzichemsha. Ukikilegeza, nusu inatoka na ganda lake. Mjini tuna chekeche za kupanga ukubwa, tuna mashine ya kutoa mawe. Halafu kahawa ikiwa ndani ya ganda inalindwa. Unaweza kuiweka ghalani ikatulia. Ukishaivua, inanyonya unyevu wa hewa, na hewa ya pembeni mwa ziwa unaijua. Ukoboe hapa leo, lori lisije wiki mbili, utauza ukungu.

DEREVA: Kwa hiyo tuendelee kubeba pumba?

FUNDI: Sikusema hivyo. Nimesema ukihamisha hasara kutoka barabarani kwenda ghalani hujaipunguza.

MHANDISI: Hapo ndipo inapobidi kupima, Mzee! Punje ngapi zinavunjika kwa mashine ndogo, ngapi kwa kubwa. Lita ngapi za dizeli kwa tani ya kahawa safi, si kwa tani ya mzigo. Siku ngapi kahawa safi inakaa hapa kabla ya kuondoka. Tukiwa na namba hizo tatu kwa msimu mmoja, ubishi wenu utakwisha kwa nusu saa.

FUNDI: Hizo nazikubali. Unajua kwa nini? Hakuna hata moja inayoanza na jina la mtu.

Na kila upotevu wa mwanzoni hukua njiani. Bukoba kipo kiwanda cha TANICA, kilichojengwa miaka ya 1960, kinachotengeneza kahawa ya kukoroga. Katika hesabu za kimataifa, kilo moja ya kahawa ya kukoroga ni sawa na kilo 2.6 za kahawa safi, ambazo nazo ni kilo 5.2 za maganda. Mkebe wa kilo moja unaofunguliwa mezani umebeba zaidi ya kilo tano zilizoanikwa na Mama. Ndiyo sababu turubai lililotoboka kule Kamachumu ni jambo la kiwanda, hata kama halimo kwenye orodha ya mali za kiwanda. Wavuvi wa Goziba na Bumbire, visiwa vilevile vya Muleba, watanielewa upesi: dagaa aliyeanikwa mchangani akanyeshewa haokolewi na mashine yoyote ya kufungashia.

MHANDISI: Nina swali kwa Mzee. Watu wanasema unasikia beringi inayokufa siku tatu kabla.

FUNDI: Inabadili sauti. Inakuwa kama mtu mwenye kikohozi asiyetaka kukohoa.

MHANDISI: Ukistaafu, nani atasikia?

Fundi aliinamisha kichwa. Swali hilo lilikuwa la haki, na halikuulizwa kwa dharau.

FUNDI: Umenikumbusha wafua chuma. Kule Kemondo, njia ya kwenda Bukoba, wachimbuaji wa mambo ya kale walikuta matanuri ya chuma ya zamani sana. Kwenye miaka ya 1970 mmoja wao, Peter Schmidt, akawaomba wazee wa Kihaya walioifahamu kazi ile wajenge tanuri tena. Walikuwa wameiacha miaka mingi, tangu majembe ya madukani yalipoingia. Wakajenga kwa kukumbuka: udongo wa kichuguu, mifereji ya udongo inayoingia ndani ya tanuri, mivuo. Na wakatoa chuma.

MHANDISI: Na Schmidt akiwa na mwenzake Donald Avery wakapima joto. Walichapisha mwaka 1978 katika jarida la *Science*. Walisema joto lilipita nyuzi 1,800, na kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mifereji kabla ya kufika kwenye makaa, na hivyo mkaa ukaokolewa.

FUNDI: Na wataalamu wengine wakabisha mpaka kesho kuhusu hiyo hewa.

MHANDISI: Wakabisha, ndiyo. Wanaweza kubisha kwa sababu namba zimeandikwa. Wazee wale wangekufa bila kupimwa, leo tusingekuwa na la kubishia. Sikio lako, Mzee, nalitaka liandikwe.

Hoja hii ndiyo iliyonigeuza mimi mwenyewe. Nilianza makala nikiwa upande wa Fundi, nikiamini kwamba kipimo huja kumdhalilisha mwenye ujuzi. Kisa cha Kemondo kinaonyesha upande wa pili: ujuzi usiopimwa huzikwa na mwenyewe. Wahunzi wa Buhaya huenda walijua kuokoa mkaa wakati misitu ilipopungua, lakini ujuzi huo ulikuwa mikononi tu, na mikono ilipoacha kazi ilibaki kumbukumbu ya wazee wachache. Tazama lakini kazi ile ilivyofanyika: wazee ndio waliojenga, wao ndio waliosema lini tanuri liko tayari, na kipimajoto kikawafuata. Hakikuwatangulia.

KATIBU: Basi tuamue, mvua inakuja. Mimi chama changu kitafanya nini?

MHANDISI: Daftari moja. Safu nne: saa mashine iliposimama, saa ilipoanza, sababu, na nani alipaswa kuitatua. Na mizani mbili, mlangoni na mwishoni. Pumba nazo zipimwe.

FUNDI: Pumba zipimwe?

MHANDISI: Pumba zikizidi, kuna kahawa imekwenda nazo. Chukua konzi, pepeta, utaziona punje.

FUNDI: Hilo ni kweli. Nimeziona mara nyingi, sikuwahi kuziandika. Sawa. Ila daftari nashika mimi. Kwa mwandiko wangu. Na ile safu ya "nani alipaswa" ibaki idara, isiwe jina.

MHANDISI: Na baada ya mwezi tuweke zawadi. Zamu itakayokoboa zaidi ipate nyongeza.

FUNDI: Hapana.

MHANDISI: Mzee, ni fedha yenu!

FUNDI: Ukinilipa kwa kilo, nitaongeza mwendo na punje zitavunjika. Ukinilipa kwa punje nzima, nitalegeza kisu na maganda yatabaki. Ukinilipa kwa dakika za kutosimama, sitaizima mashine beringi ikikohoa, nitaiacha ife. Chochote utakachokinunua nitakuuzia, na kingine utakipoteza. Usinunue. Acha tuone kwanza.

Hawakukubaliana hapo, na sikuwalazimisha. Mhandisi anaamini mtu hufanya bidii akiona faida mkononi, na wapo wengi waliothibitisha hivyo. Lakini kama ni kuchagua, mimi niko na Fundi kwa misimu miwili ya mwanzo. Namba changa ina ukweli kwa sababu tu hakuna anayefaidika kwa kuidanganya. Ukiifunga kwenye mshahara kabla haijakomaa, utapata daftari safi na mashine mbovu.

MAMA: Na langu?

KATIBU: Lipi, Mama?

MAMA: Kioo cha kipima unyevu kigeuzwe kinitazame mimi. Kilichoandikwa hapo kiandikwe kwenye stakabadhi yangu. Na siku kahawa yetu ikikobolewa mjini, ile hesabu ya kilo zilizoingia na zilizotoka iletwe hapa, ibandikwe mlangoni pa ghala, kwa Kiswahili, kwa maandishi makubwa. Miwani yangu ni ya zamani.

KATIBU: Hilo halina gharama.

MAMA: Ndiyo maana nashangaa halijafanyika.

Dereva aliwasha lori kabla mvua haijashika barabara. Nusu ya mzigo ilikuwa pumba.

Hukumu yangu, kwa kuwa msomaji ana haki ya kuidai, ni hii. Tupime, na tupime bila woga. Ila daftari la mashine lishikwe na fundi, tarakimu ya unyevu isomwe na mkulima kabla ya karani kuinakili, na dizeli ihesabiwe kwa kilo ya kahawa safi badala ya kilo ya mzigo. Mfumo wowote usio na mambo haya matatu, uwe umetoka Toyota au Dodoma, utaongeza karatasi na kuacha hasara ilipo.

Wewe uliye mwanachama wa chama cha msingi Muleba, Bukoba, Misenyi au Karagwe, mkutano mkuu ujao simama uulize namba tatu: msimu huu chama kilipeleka kilo ngapi za maganda, kikapata kilo ngapi za kahawa safi, na pumba zilikuwa na uzito gani. Ukijibiwa kwamba hazipo, omba ziandikwe kuanzia gunia la kwanza la msimu unaofuata, na uombe jina lako liwekwe kwenye muhtasari kwamba uliuliza.